Aliyekuwa Akifunga Madirisha

Dirisha la ukumbini lilikuwa limefungwa, na Shakir alikuwa na hakika kwamba hakulifunga yeye.

Mtu mwingine angelipuuza. Lakini Shakir, ambaye majirani wa mtaa wao wa Adhamiya, Baghdad, walimwita Abu Sarmad kwa jina la mwanawe, alikuwa fundi wa hewa za nyumba za watu kwa miaka arobaini. Kazi yake ilikuwa yale masanduku ya bati yanayokaa dirishani, ambayo pampu hulowesha nyasi zake kwa maji na feni ikavuta upepo wa moto, ukaingia ndani umepoa. Na sheria ya kwanza ya sanduku hilo ni kwamba hewa inayoingia lazima ipate pa kutokea. Ukifunga kila mahali, nyumba hugeuka hamamu. Kwa hiyo kila adhuhuri ya Julai, kabla ya kujinyoosha kitandani, aliliacha dirisha la ukumbini wazi kiasi cha vidole vinne na kulizuia kwa kigingi cha mbao.

Siku hiyo aliamka amelowa jasho. Kigingi kilikuwa sakafuni. Komeo lilikuwa limesukumwa mpaka mwisho. Na juu ya kioo, karibu kabisa na dari, mahali ambapo hata yeye mwenyewe asingefika bila ngazi, palikuwa na ukungu mdogo wa duara, kama wa mtu aliyesogeza mdomo akahema.

Ukungu ule ulikauka mbele ya macho yake. Shakir akafungua dirisha, akanywa maji, wala hakumwambia mtu. Wa kumwambia alikuwa nani?

Mkewe, Nahida, alikuwa amefariki mwezi Machi, mdanzi wa uani, ule mti wa machungwa machungu, ulipokuwa umejaa maua. Alikuwa mgonjwa wa pumu tangu usichana, na kwa miaka thelathini na sita Shakir aliilea hewa ya nyumba ile kama wengine wanavyolea watoto. Masika yakiingia, alibadilisha nyasi za sanduku zisije zikaota ukungu. Vumbi likija, alitundika shuka mbichi milangoni. Wakati wa baridi aliwasha jiko la mafuta ya taa uani, akangoja harufu yake iishe, ndipo akaliingiza ndani, na hata hapo aliacha dirisha wazi upana wa kidole. Ubani haukufukizwa. Mgeni mwenye sigara alivutia barabarani. Watu walimcheka: "Abu Sarmad anambeba mkewe kama yai!" Naye alicheka nao, akarudi nyumbani kumsikia Nahida akimwambia lile neno lake la kila siku: "Fungua, Shakir. Nakosa pumzi."

Sasa alikuwa peke yake. Sarmad alikuwa Uswidi, akipiga simu kila Ijumaa, akiuliza yale yale na kujibiwa yale yale. Alhamisi alikuja Fakhriya, mdogo wa marehemu, mjane mwenye ulimi mkali, na chungu cha chakula mkononi. Siku tano zilizobaki hakuna aliyegonga mlango.

Wiki moja baada ya dirisha kufungwa, akiwa amelala adhuhuri, mtaa mzima kimya kwa joto, Shakir alisikia mtu akipumua upande wa pili wa kitanda. Pumzi ya kuvuta kwa taabu, na mwishoni kifilimbi chembamba. Aliijua. Alikuwa amelala akiisikiliza maisha yake yote ya utu uzima, akijua kwa urefu wa kile kifilimbi kama usiku utapita salama. Akasikia na harufu pia: iliki, na ile dawa ya kafuri aliyokuwa akijipaka kifuani.

Hakugeuka. Nywele za mikono zilimsimama, na machozi yakamtoka kwa wakati mmoja.

"Nahida," alinong'ona, "kama ni wewe, kaa. Usiondoke. Kaa."

Kile kifilimbi kikanyamaza kidogo, kama mtu anayefikiri. Kisha kikaendelea.

Tangu siku hiyo Shakir hakutia kigingi tena.

Oktoba likaja vumbi. Anga iligeuka rangi ya matofali, na taa zikawashwa saa nane mchana. Shakir aliziba madirisha kwa utepe wa gundi, akatundika shuka mbichi, kama kila mwaka. Lakini kila mwaka, vumbi likishapita, kesho yake alifungua nyumba nzima, akang'uta mazulia na kupiga deki. Safari hii aliacha utepe mahali pake. Mchana alikuwa na mtu wa kulala naye, na aliogopa kwamba upepo ukiingia utamchukua.

Asubuhi moja ya siku hizo aliamka na kukuta vumbi laini limetanda kila mahali, mezani, juu ya redio, juu ya blanketi. Ila upande wa pili wa kitanda. Pale palikuwa safi, na usafi ule ulikuwa na umbo: kichwa, bega, mkono uliolazwa kuelekea kwake. Shakir alitabasamu, akaufuata kwa macho mwili ule kuelekea chini, na tabasamu likamfia mdomoni. Nahida alikuwa mfupi, alimfikia begani. Umbo lile lilishuka mpaka mwisho wa kitanda, likavuka ubao, likaendelea sakafuni, vumbi likiwa limepisha njia mbili nyembamba mpaka karibu na mlango.

Akachukua kitambaa, akafuta kitanda, akafuta sakafu, akafuta kila mahali haraka haraka, mpaka hakukuwa na cha kutazama.

"Shemeji," alisema Fakhriya Alhamisi ile, amesimama ukumbini na pua juu, "nyumba yako inanuka kama kinywa cha mtu aliyelala siku tatu. Fungua basi!"

"Vumbi."

"Vumbi lilipita Jumanne!"

"Litarudi."

"Hewa haitozwi kodi, unaogopa nini?" Akamsogelea, akapunguza sauti. "Na hii harufu ya kafuri ya marehemu? Unajipaka wewe?"

"Kifua kinanibana," alidanganya Shakir.

Fakhriya alimtazama uso wake uliofifia na midomo iliyokauka. "Umekonda, Abu Sarmad. Unalala sana. Kichwa hakikuumi?"

Kilimuuma kila siku. Akasema hapana.

Desemba ikaingia na baridi yake kavu. Shakir akalitoa jiko la mafuta, akalisafisha utambi, akaliwasha uani kama desturi. Ufundi ulikuwa haujamtoka: alijua moto usiopata hewa huzaa sumu isiyo na harufu, na alikuwa amewahi kuitwa nyumba ambamo watu watatu walilala wasiamke. Kwa hiyo, japo moyo haukupenda, aliubandua utepe wa dirisha la ukumbini, akaacha wazi upana wa kidole. Siku ya kwanza alikuta limefungwa. Akafungua. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu alikuwa amekaa anakunywa chai ya ndimu kavu, akaona komeo linasogea polepole, bila sauti, kama linasukumwa na mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa. Alilizima jiko, akajifunika blanketi mbili.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi, Fakhriya alileta dolma, mboga zilizojazwa wali, na mkate moto. Jiko liliwashwa kwa ajili yake. Shakir mwenyewe alifungua dirisha, akalikaza kwa waya lisisogee, akauvuta waya mara mbili kuujaribu. Walikula. Fakhriya alimsengenya mke wa mwanawe mpaka akachoka, akajinyoosha kwenye kochi.

"Nifumbe macho kidogo. Nenda kaswali, shemeji, sitakuibia masufuria."

Shakir alikwenda msikitini kuswali alasiri. Hakukawia, lakini aliporudi mlango ulimkatalia, si kwa kufuli bali kama mlango unaovutwa kutoka ndani na mtu mwenye nguvu, naye akausukuma kwa bega, mara moja, mara mbili, akimwita Fakhriya kwa sauti ambayo majirani waliisikia, mpaka ukaachia ghafla akaangukia ndani, katika joto zito lililomvaa usoni kama nguo mbichi, na humo ndani akaona moto wa jiko umekuwa wa manjano na mrefu, na waya umelala sakafuni umenyooka kama haujawahi kukunjwa, na dirisha limefungwa, na Fakhriya kwenye kochi, mashavu mekundu kama komamanga, mdomo wazi, na juu ya uso wake, karibu sana, pasipokuwa na kitu, pumzi ile. Haikuwa tena ya taabu. Kifilimbi hakikuwapo. Ilikuwa ndefu, nzito, ya raha, kama ya mtu anayeshiba.

Alimburuta Fakhriya kwa makwapa mpaka uani. Fakhriya akatapika chini ya mdanzi, akafumbua macho, akauliza kwa nini ana kiatu mguu mmoja. Jirani mwenye gari akawapeleka hospitali. Daktari akasema ni jiko. Shakir hakubisha. Yeye, fundi wa hewa, alijua kuliko daktari kwamba ni jiko. Na alijua pia ni nani aliyefunga dirisha.

Asubuhi yake alikwenda kwa Bibi Wadia, mwanamke wa miaka themanini aliyesoma Kurani kwenye matanga ya mtaa ule na kuwasomea waliopagawa. Bibi alikuja mpaka langoni, akanusa, akakataa kuvuka kizingiti.

"Nyumba hii ilifungwa lini?"

"Tangu vumbi. Hapana. Tangu kiangazi."

"Huyo ni jini wa hewa mfu, mwanangu. Hula pumzi. Lakini hawa hawaingii bila mwenyeji. Nani alimkaribisha?"

Shakir alitazama viatu vyake. "Mimi."

"Kwa neno gani?"

"Nilimwambia kaa."

Bibi Wadia hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. "Nilikuja kumsomea marehemu siku ya arobaini," alisema, "nikasema moyoni, huyu bwana anahitaji mtu wa kula naye. Kisha nikaenda zangu kama wengine. Basi sikiliza. Mimi nitasoma hapa langoni. Lakini aliyesema kaa ndiye wa kusema toka. Fungua kila kitu, mpaka kabati. Usimwite kwa jina la mkeo. Akipita, usimguse."

Shakir aliingia peke yake. Alianza na chumba cha nyuma, akabandua utepe, akafungua dirisha, akafungua kabati lenye magauni ya Nahida. Upepo wa baridi ukaingia, na nyumba nzima ikaguna kama mtu aliyemwagiwa maji. Alipofika ukumbini sauti ikatoka nyuma ya sikio lake, sauti ya Nahida yenyewe hasa, na kile kikwaruzo chake cha asubuhi.

"Shakir. Baridi. Funga."

Akasimama, mkono kwenye komeo.

"Nifungie, Shakir. Tubaki wawili tu. Utabaki na nani?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akijiuliza tangu Machi, na jibu alilijua, lakini pale alipokuwa karibu kuliachia komeo alilisikia tena lile neno la kwanza, funga, na akalipima kama anavyopima fundi kipande kisichoingia mahali pake, akitafuta katika miaka thelathini na sita, usiku wote wa kifua kibaya, masika yote na baridi zote, siku moja tu ambayo mkewe alimwambia funga, na hakuipata.

"Mke wangu," alisema, "alikuwa akiniambia fungua."

"Nilikwambia kaa. Sasa nakwambia toka. Toka nyumbani kwangu."

Akalisukuma dirisha wazi. Milango ikabamiza kutoka nyuma kuja mbele, mmoja baada ya mwingine, mapazia yakavutwa nje, na kitu kikaanza kumpita kuelekea uani, kikipita na kupita na kupita, kirefu hata hakiishi, kama mtu anayetoka ameinama kwenye mlango mfupi na mwili wake bado uko chumba cha tatu, na katikati ya kupita huko harufu ya iliki na kafuri ikamgusa shavuni taratibu, kama kiganja, na lile neno kaa likampanda kooni. Akaling'ata. Aliling'ata mpaka damu ikamtoka mdomoni. Uani mdanzi ulitikisika mpaka shina, kisha ukatulia, na kutoka langoni akasikia sauti ya Bibi Wadia ikimalizia aya.

Jioni alikwenda kwenye kabati. Alizika uso katika magauni. Hayakunuka kitu ila baridi. Ndipo akamlilia Nahida kilio ambacho hakuwa amelia siku ya mazishi.

Alhamisi iliyofuata Fakhriya alikuja, amejifunga shali mbili. Alisimama langoni na chungu chake, akatazama madirisha yote wazi, wala mguu hakuuinua.

"Siingii, shemeji," alisema. "Unisamehe. Siwezi."

"Najua."

"Na wala usije ukadhani nakuogopa wewe."

"Najua, Fakhriya."

Shakir akatoa viti viwili na stuli, akaviweka mahali penye jua, ukutani, kando ya barabara. Walikula wamevaa makoti, supu ikipoa kabla ya kufika mdomoni. Wapita njia waliwasalimu kwa mshangao.

"Watu watasema tumerukwa na akili," alisema Fakhriya.

"Waache waseme. Alhamisi ijayo?"

"Alhamisi ijayo. Lakini nje."

Alipoondoka, Shakir alirudisha viti ndani, akajinyoosha kitandani, akatega sikio. Hewa ilikuwa safi, nyepesi, haina harufu ya kitu chochote. Katika nyumba nzima kulikuwa na pumzi moja tu, na ilikuwa yake.