Hati za Fuma

Saa mbili kasorobo, asubuhi. Chumba cha nyuma, duka la vipuri, Kismayu.

Nassor alitia komeo mlangoni. Walikuwa watatu tu: yeye, aliyekuwa mkubwa wa genge; Gharibu, fundi wa majenereta; na Hussni, fundi wa kompyuta aliyejifunzia kazi kambini Kenya. Ulikuwa mwaka wa ishirini na mbili wa vita, na bunduki zilikuwa zimenyamaza tangu juzi.

"Twaiba leo," Nassor alisema. "Mchana kweupe. Mlango wa mbele."

Mali yenyewe ilikuwa hati. Shirika moja lilikuwa limepiga picha hati za nyumba na mashamba ya Wabajuni, za kabla ya mwaka wa tisini na moja. Kisha kombora likaunguza karatasi zote. Zilibaki picha, ofisini kwa shirika hilo, ambako Hussni na Gharibu walikuwa mafundi, ndani ya seva moja iliyogawanywa mashine pepe nne, yaani kompyuta nne zisizoshikika, zinazogawana chuma kimoja. Ya tatu ndiyo yenye kisiwa cha Fuma. Humo mlikuwa na hati ya nyumba ya Mishi, mamake Hussni, ambaye sasa anauza viazi karai Mombasa na hana ushahidi mwingine duniani kwamba aliwahi kuwa na kwao.

"Wakubwa wenye bunduki washaanza kugawana visiwa," Nassor alisema. "Tutoe nakala, tuwapelekee wachu wetu. Eleza, Hussni."

"Jana nimezipa zile mashine nyingine tatu memori kubwa kuliko iliyopo. Wakianza kazi ofisini leo zitagombania. Ya tatu itakosa, itaanguka. Wataniita mimi."

"Na faili?"

"Zitaharibika kidogo. Zarekebishika. Lakini nikiwa katikati, umeme usikatike. Ukikatika, hakuna kichu."

"Betri ya akiba je?"

"Naitoa. Diski ya nakala itatoka ndani ya boksi lake. Walinzi wapekua mifuko, betri mbovu hawaziangalii."

Gharibu alikuna kidevu. "Jenereta niachieni."

"Naanza na nakala," Hussni alisema. "Halafu nirekebishe. Ndiyo kanuni."

"Rekebisha kwanza. Sitaki kubeba takataka," Nassor alisema.

Hussni alisita. Hakuna fundi mwenye akili anayegusa diski iliyoharibika kabla ya kuinakili. Lakini Nassor alikuwa mwana wa mama mkubwa, na siku ya kukimbia vita ndiye aliyembeba mgongoni hadi majini. Mtu kama huyo unamkatalia vipi?

"Haya, kaka," akasema.

Saa nne na dakika tano.

Simu ililia. Karani alikuwa anahema. "Fundi, mashine imekufa! Njoo mbio!"

Mlangoni pa ofisi walinzi walimpekua hadi soksi. Diski ilikuwa imelala ndani ya kitako cha boksi la betri alilobeba, na mlinzi alilipiga kofi tu. "Hizi betri zenu kila wiki!"

Chumba cha seva kilikuwa na joto la tanuri. Hussni alichomoa betri ya akiba, akaichomeka seva moja kwa moja kwenye umeme wa jenereta. Mashine ya tatu ilikuwa imeanguka kama alivyopanga. Alipunguza memori ya zile nyingine, akairudishia ya tatu haki yake, akaiwasha. Ikagoma. Mfumo wa faili ulikuwa umechanika.

Saa nne na dakika ishirini.

Akaanza kurekebisha. Asilimia kumi. Ishirini na tano. Majina yalipita kwenye kioo: Bwana Fumo, shamba. Mbwana wa Sharifu, nyumba na kisima. Arobaini. Mishi, nyumba, Fuma. Moyo ulimruka kwa furaha. Alitaka kucheka peke yake mle ndani.

Asilimia arobaini na sita. Umeme ukakatika.

Feni zilinyamaza zote. Hussni alikimbilia dirishani. Gharibu alikuwa kasimama kando ya jenereta, mkono kwenye swichi, anaangalia saa yake.

"Gharibu! Warya, wewe! Washa!"

Akawasha. Seva ikaanza kuamka. Akazima. Akawasha tena, akazima tena.

Hapo Hussni alielewa kwamba ni makusudi. Njia ya kuiua mashine aliwapa mwenyewe, kwa mdomo wake.

Saa nne na dakika arobaini.

Umeme ulirudi ukatulia. Mashine ya kwanza nzima. Ya pili nzima. Ya tatu ilimtupia maelfu ya vipande visivyo na majina. Alifungua kimoja: nusu ya muhuri, kwingine kijivu. Akafungua cha pili, cha kumi, cha hamsini. Mishi hakuwemo.

Mlango ulifunguliwa. Nassor alikuwa na walinzi wawili na mkuu wa ofisi.

"Ndiye huyu," alisema kwa sauti ya mtu mwenye huruma. "Nilisikia ana mpango wa kuharibu hati, nikaona niwaambie. Lipekueni lile boksi."

Wakaitoa diski. Wakamfunga mikono kwa waya wa mtandao.

"Kaka," Hussni alisema. Sauti ilimtoka ya kitoto. "Mama atalala wapi?"

Nassor aliinama sikioni kwake. "Fuma ina wenyewe wapya. Nami kwa kazi hii nimepawa kisiwa cha Darakasi. Ningefanyaje, mwanetu?"

Simu ilitetema mfukoni mwa Hussni. Nassor aliichomoa, akasoma jina, "Mama", akaiweka sikioni.

"Mama mdogo! Shikamoo. Ee, mimi Nassor. Hussni hajambo, yuko kazini. Hati? Tumezipata zote, mama. Leo utalala kwa amani."