Chunjua za Almasi

"Madam, wewe nachukua mogo yote? Mama yangu taniua!"

Beatha aligeuka, mfuko wa mihogo kifuani, katikati ya msongamano wa Jumamosi kwenye duka moja la mtaa wa Kenton, huko ughaibuni. Aliyesema alikuwa kijana wa Kihindi, mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likakubali, mashavu yana vishimo. Kiswahili chake alikirithi jikoni kwa wazazi waliotoka Kisumu, nacho kilikuwa na majina ya vyakula na matusi madogo madogo, basi.

"Nani kakufundisha kuongea hivyo?" Beatha alicheka.

"Kenton University. Mimi naitwa Ajay."

Wakagawana mihogo. Jumatatu wakakutana tena, safari hii maabara alikofanya kazi Beatha, Ajay ndiyo kwanza anaanza, kila mmoja kajifunika ovaroli jeupe hadi puani, wakatambuana kwa macho. Huko walitengeneza vitufe vya almasi, vitupu ndani, vyenye ukubwa wa punje ya mtama, ambavyo hupigwa na miale ya leza hadi vitoe joto kama la jua. Kikibaki kinundu juu ya kitufe, hata kile kisichoonekana kwa macho, jaribio zima linakwenda arijojo. Beatha, binti wa Bukoba, vinundu hivyo aliviita chunjua, kama zile zinazoota kwenye ngozi, na alihangaika navyo miezi minane. Mkataba wake ulikuwa unaisha Juni. Bosi wao, Lorraine, alikuwa na nafasi moja tu ya kudumu, na angempa atakayeleta dawa ya vinundu.

Huku nyuma mapenzi yalikolea. Simu hazikukatika.

"B, wewe nakula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Mimi nangoja wewe, dear. Peke yangu chakula hapana ingia."

Siku Beatha alipoipata dawa, yaani kuviosha vitufe kabla havijapoa, alimpigia simu Ajay kabla ya mtu mwingine yeyote. Akampa na daftari, maana mwenzake alisema, "Leta, mimi natype kwa wewe. Wewe pumzika." Beatha akapumzika. Ole wake!

Alhamisi asubuhi, mbele ya kitengo kizima, Ajay alisimama na suti ya buluu, jina lake peke yake kwenye skrini. Slaidi ya tatu ilikuwa na herufi kubwa: CHUNJUA REMOVAL.

"What's a chunjua?" Lorraine aliuliza.

Ajay akakohoa. "It's Japanese. Standard term."

Watu wakaandika. Beatha akalisoma tena neno lake mwenyewe pale kwenye skrini. Kumbe alinakiliwa kila neno, hata lile ambalo mwizi mwenyewe halijui, na miezi yote hiyo alikuwa anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa! Alikwenda kulia chooni, glavu bado mikononi.

Ajay alimpigia mara kumi na tisa. Hakupokea. Jumapili mchana akajileta Thamesmead, mlangoni kwa Beatha, na waridi na pete.

"B, sikiliza. Sisi taoana, si ndiyo? Wewe takuwa Mrs Solanki. Sasa jina iko pale ni Solanki. Ni yako pia!"

Beatha alitaka kumtukana, akashindwa. Alimpenda, jamani, na vile vishimo vya mashavuni havikumsaidia.

"Kesho utamwambia Lorraine ukweli?"

"Nasema. Promise."

Beatha akanyoosha kidole. Pete ikaingia, na kwa dakika moja alikuwa na furaha kabisa.

"But B," Ajay alisema, bado kamshika mkono, "kwa daftari wewe hapana andika kwa nini naosha kabla ya kupoa. Kesho Lorraine tauliza. Just one line, mpenzi."

Hapo Beatha akajua pete ilifuata nini.

Aliivua, akaiweka kiganjani mwa Ajay, akamfumba vidole.

"Lorraine atapata jibu," alisema.

"So mimi nasema nini?"

"Nenda, Ajay."

Kesho yake, saa mbili kasorobo, Beatha alikuwa ofisini kwa Lorraine, macho yamevimba, akieleza yote kutoka kichwani, pamoja na ile sababu isiyokuwamo daftarini. Ajay alipogonga mlango, aliyemfungulia alikuwa Beatha.