Kinanda Kisicho na Sauti Yake

Jua lilikuwa linazama pale Mhunze, Kishapu, Jilala aliponituma petroli ya jenereta. Nilienda nikinung'unika. Mimi ndiye mpiga kinanda wa kundi lake, lakini siku ya mashindano hutuona wote vibarua.

Tulikuwa tumeshagombana. Mimi nilitaka kinanda changu cha zamani, kizito kama gunia la pamba, lakini sauti zake zimo humo humo, ukiwasha, unapiga. Jilala alitaka kompyuta, na kinanda chepesi cha kuchomeka kwake. Nilimweleza kwamba kile hakina sauti yake. Kinaiambia tu kompyuta umebonyeza wapi, na kompyuta ikiganda jukwaani tumekwisha. Akacheka, akasema kinanda changu hakiwezi kuimba kama mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa Martina, mdogo wangu, mwimbaji wetu. Jilala alimrekodi chumbani kwake, mtaani Ngokolo, sauti moja moja, akazipanga kwenye vitufe.

Ngoma zetu ni za kushindana. Pande mbili hucheza uwanja mmoja, na watu wakihamia kwako, umeshinda. Kila manju, kiongozi wa ngoma, ana dawa yake ya kuvuta watu, na huipaka kwenye ngoma.

Niliporudi na dumu, nyuma ya jukwaa kulikuwa na harufu... samli iliyoungua, na kitu kama nywele.

Martina alikuwa anaimba.

Nikafunua turubai. Jilala alikuwa amechuchumaa, anaipaka kompyuta dawa ya ngoma. Kompyuta imefungwa. Betri yake iko chini, kwenye vumbi. Lakini sauti ilikuwa inatoka humo. Martina amekaa kando, mdomo wazi... hatoi kitu.

"Manju, unafanya nini?" nikanong'ona.

"Nimeshachagua chombo," akasema. "Weka petroli."

Nilimwacha na dumu lake, nikamshika Martina mkono. Ulikuwa wa baridi. Alinifuata, na nyuma yetu Jilala akapanda jukwaani kupiga mwenyewe. Uwanja mzima ukahamia kwake. Hata wapiga ngoma wa wapinzani waliziacha ngoma zao wakaenda kusikiliza.

Ndani ya ngoma hamna kitu, ndiyo maana hupakwa dawa na hakuna anayedhurika. Ndani ya kompyuta mlikuwa na mdogo wangu. Yule mshenzi hakuliwaza hilo, au aliliwaza vizuri sana.

Tangu siku ile Martina hajasema kitu. Hospitali walisema koo ni zima. Majirani wananong'ona mambo ya msukule, mtu aliyechukuliwa na wachawi ukabaki mwili tu. Jilala yuko Geita, anawapigia wachimba dhahabu, na nasikia anajaza watu kila anapokwenda. Namchukia mpaka chakula hakishuki. Nilichoweza kumpora kabla hajaondoka ni kile kinanda chepesi tu, kompyuta alikwenda nayo.

Jana jioni Martina alikuwa uani anapepeta mchele. Mimi nikawa nakifuta kinanda vumbi. Hakikuchomekwa popote. Kidole kikagusa kitufe.

"Kaka..."

Sauti ya Martina.

Nikamtazama. Ameinamia ungo, midomo imefungwa. Mchele unaruka, unarudi.

Nikabonyeza tena.

"Kaka... huyo uliyekaa naye ni nani?"

Ungo ukaacha kupepeta.