Taya Lisilo na Jina

Ngazi za jengo lile zilikuwa na watu mpaka pa kuweka mguu ni pa kutafuta. Chini kulikuwa na maduka ya simu, juu kliniki ya meno, na katikati wauza kava, wauza chaji na wale ambao hawanunui kitu ila hawakosi kuwepo. Lifti ilikuwa mbovu, kama desturi yake. Fundi wa kliniki alikuwa anapanda na boksi kifuani, "samahani, samahani jamani," mtu aliyekuwa anagombana na simu yake akampiga kiwiko. Boksi likamponyoka, kifuniko kikafunguka, na mataya ya watu yakaanza kuteremka ngazi.

Yalikuwa mataya ya plasta, ya wagonjwa wanaotengenezewa meno ya bandia. Lakini nani angengoja kuelezwa? Mama mmoja akapiga yowe, "Mafuvu! Mafuvu ya watu!" Watu ambao asubuhi nzima walikuwa wamekosa pa kupita, ghafla wakapapata. Kufumba na kufumbua ngazi zikawa tupu.

Mmoja tu hakukimbia. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye suti ya mazoezi ya kijivu na pua iliyowahi kuvunjika ikaungwa vibaya. Alichuchumaa akawa anaokota taya moja moja na kulipuliza vumbi.

"Hili la nani?"

"La bibi mmoja anayetaka kula nyama kabla hajafa."

"Na hili lisilo hata na jino moja?"

"La hakimu."

"Hakimu kibogoyo! Basi siku nikishtakiwa sina hofu, hawezi kuning'ata."

Fundi alicheka, kisha akamtazama vizuri, na kicheko kikamkwama. Uso ule aliujua. Ulikuwa umebandikwa kila nguzo ya mji, na chini yake neno moja: UKUTA. Bondia ambaye hajawahi kuangushwa tangu aanze ngumi.

"Wewe ni Ukuta," alisema.

"Na wewe ni mtu wa kwanza kuniona nimepiga magoti," akajibu yule bondia, akatabasamu. Fundi alijikuta anasahau boksi lilikuwa la nini.

Kumbe safari yao ilikuwa moja. Ukuta alikuwa anakwenda kliniki kupimwa kinga mpya ya meno ya kuvaa ulingoni, na mtu wa kuitengeneza alikuwa ndiye huyu huyu, kijana mwembamba mwenye koti jeupe na unga wa plasta mpaka kwenye nyusi. Katika chumba cha nyuma Fundi alimkalisha kitini, akamjaza mdomo ule ute wa waridi wa kuchukulia alama.

"Uma. Usimeze. Usiongee."

Ukuta hakuongea, ila macho yake hayakunyamaza. Fundi ameshika midomo ya watu wengi, mabosi na makuli, na hasahau kuhesabu dakika za ute kukauka. Siku ile alisahau.

Sheria ya karakana ni kuandika jina chini ya kila taya kwa penseli. Fundi alipoigusa penseli, Ukuta alimshika mkono.

"Langu usiandike. Waandishi wa habari wananifuatilia hata kikohozi."

Basi taya likabaki bila jina. Ukuta akatembeza macho kwenye rafu, akaona jingine limekaa pembeni, meno ya mbele yamechomoza. "Na huyu sungura ni nani?"

"Ni mimi. Nililitengeneza chuoni."

"Basi niweke hapo, karibu na sungura."

"Thubutu! Dada wa mapokezi ana macho." Fundi akaliweka taya la Ukuta mwisho kabisa wa rafu, ng'ambo ya pili, mataya ya mji mzima yakiwa kati yao.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hawa wawili waliamua kuwaonyesha wahenga kwamba yanafichika. Kwenye simu ya Ukuta, Fundi aliandikwa "Kliniki".

"Hujambo, kliniki?"

"Sijambo, jitu langu. Umekula?"

"Kaka kanipa mayai na maji. Eti napunguza uzito."

"Masikini roho yangu! Njoo nikupikie."

"Ufunguo wa mlango si unao wewe? Tangulia, laazizi, nakuja."

Kaka mtu ndiye alikuwa kocha. Wazazi walipofariki yeye ndiye aliyemlea, akamlisha, akamvisha glavu za kwanza. "Siku akijua," Ukuta alimwambia Fundi, "nitakosa kaka, baba na kocha kwa mpigo mmoja. Nitabaki na nani?" Fundi alitaka kusema, "Utabaki na mimi," akaona neno lenyewe jepesi mno mbele ya mzigo ule. Akamkanda mabega.

Mchana, baada ya mazoezi, Ukuta hulala. Na akilala husaga meno, mpaka kitanda kinasikia. Fundi alikuwa akikaa pembeni, anamshika taya kwa kiganja taratibu, na kusaga kunakoma. Akiamka humtania: "Leo umesaga magunia mangapi?"

"Nimesaga yote, bado mlaji."

Kilichowagombanisha kilikuwa neno dogo la redioni. Zilikuwa zimebaki wiki chache pambano la mkanda lifike. Fundi alikuwa jikoni kwa Ukuta, amefunga taulo kiunoni na mwiko mkononi, redio inaongea. Mtangazaji akauliza, "Bingwa, watu wanataka kujua. Ukitoka ulingoni, nyumbani kuna nani anakungoja?"

"Nyumbani? Nyumbani hakuna mtu."

Fundi aliutazama mwiko, akaitazama sufuria inayochemka. Akazima jiko. Akavaa viatu, ufunguo akauacha mezani. Simu ilipoita jioni alipokea mara moja tu.

"Umekwenda wapi, mpenzi? Chakula hiki mbona hakijaiva?"

"Kimepikwa na huyo 'Hakuna Mtu' wako. 'Hakuna Mtu' hajui kupika."

"Aa, Fundi, ungetaka niseme nini, na kaka yuko pembeni yangu?"

"Ungesema hupendi kuulizwa mambo ya nyumbani. Ungesema lolote. Mimi nimesimama kwako na mwiko, wewe unaniambia sipo!" Akakata. Aliumia, tena sana. Yakaja majuma ya simu kuita mpaka inachoka.

Sasa sikiliza ya rafuni.

Saa ya chakula cha mchana kliniki hufungwa na jengo hupoa. Fundi alikuwa peke yake, anachonga jino la nta, jua limejaa dirishani. Akasikia mtu anasaga. Polepole, kwa mkazo, kisha kimya, kisha tena. Alidhani ni panya. Akafuata sauti mpaka mwisho wa rafu. Taya lile lisilo na jina lilikuwa limekaa palepale, la juu juu ya la chini, na mbele yake kulikuwa na unga mweupe ambao asubuhi haukuwepo.

Vinyweleo vikamsimama. Alikujua kule kusaga. Alikuwa amelala nako.

Kesho yake likaja tena, saa ile ile ya usingizi wa Ukuta. Siku ya tatu Fundi alinyoosha kiganja, akalishika taratibu kama alivyozoea, akijiona mjinga. Kusaga kukakoma. Plasta ilikuwa na joto, na ndani ya mdomo mlikuwa na unyevunyevu.

Alitoka mbio mpaka mapokezi, akamkuta dada anarudi kutoka kula. "Nani ameshika kazi zangu?"

"Mimi? Hayo mafuvu yako? Hata nibembelezwe." Dada akaketi, akaweka pochi. "Halafu hiyo mashine yako izime mchana. Naisikia ikisaga tangu ngazini mpaka meno yangu yanawasha."

"Mashine gani?"

"Najua mimi? Fundi ni wewe."

Hakuna mashine iliyokuwa imewashwa. Fundi hakumwambia.

Wiki ya pambano ilipoingia, kelele ziliisha ghafla. Asubuhi moja, saa ya mazoezi ya Ukuta, taya lilipiga mlio mmoja, ta!, mkavu. Alipolifungua akakuta chonge la juu la kushoto limekatika mshazari, na ufa umepanda kwenye ufizi.

Fundi yeyote atakuambia: taya lililovunjika halitengenezewi kitu. Hutupwa, mgonjwa akaitwa, alama zikachukuliwa upya. Kinga isiyokaa sawasawa mdomoni, ngumi moja tu na taya la mtu linaachana. Na kinga ilikuwa inatakiwa kesho yake. Fundi alikuwa na vipimo vya zamani, vya chonge zima. Alisimama na vipimo mkono huu na taya mkono huu, mpaka jua likatoka dirishani. Akichagua vibaya atamuua mtu anayempenda. Simu ilikuwa mezani. Kiburi kikamwambia asipige, na tumchukie kwa hilo, maana anastahili. Akaweka vipimo chini, akatengeneza kinga juu ya jino lililovunjika.

Aliyekuja kuichukua alikuwa kaka mtu, mwenye kofia na filimbi shingoni. "Wewe ndiye fundi wa mdogo wangu? Safi. Meno yake mazima kabisa, namkagua mwenyewe." Fundi akaifunga kinga kwa kitambaa, akamkabidhi.

Siku moja kabla ya pambano, mchana, viatu vilisikika vinapanda ngazi kwa pupa. Ukuta aliingia, kofia ya sweta usoni, akafunga mlango kwa mgongo. Kinga ilikuwa kiganjani.

"Nani alikwambia?"

"Kuhusu nini?"

Ukuta akafungua mdomo. Chonge la juu la kushoto lilikuwa limekatika mshazari. "Nilivunja mazoezini. Sijamwambia mtu. Kaka angejua angevunja pambano. Nimevaa kinga hii, imeingia kama imezaliwa humo. Nani alikwambia, Fundi?"

"Wewe. Ukilala mchana, taya lako hapa husaga; ulipovunja, nalo likavunjika." Akalitoa taya kwenye rafu, akalifungua mbele yake.

Ukuta, asiyeogopa ngumi ya mtu, alirudi nyuma mpaka akagonga sinki. "Litupe hilo."

"Nikilitupa likavunjika, wewe je?"

Hakuna aliyetaka kulijaribu jibu.

"Sasa nimejua," Ukuta alisema baadaye, sauti chini. "Mchana naota mkono umenishika hapa, nalala vizuri. Nilidhani ni kukukumbuka tu." Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, kikalia. "Nisamehe. Nimekukosea. Lakini na wewe, hebu tazama rafu hiyo. Sungura yuko kule, mimi huku. Nani alinitenga?"

Fundi hakuwa na pa kuficha uso. "Mimi."

"Basi tuko sawa."

"Hatuko sawa. Mimi nilikuficha, sikukukana. Sikuombi ujitangaze, mpenzi wangu, najua dunia ilivyo. Naomba usinikane tu."

Honi ikapigwa chini, ya kaka. Ukuta alisimama, akamwekea paji la uso kwenye paji lake, akavuta pumzi ndefu, akatoka.

Pambano lilikuwa alasiri. Kliniki ilifungwa, na Fundi alikaa kwenye stuli karakanani, redio mbele, taya mapajani. Raundi zilikwenda. Kila ngumi iliyotua, plasta ilishtuka viganjani mwake. Halafu mtangazaji akapiga kelele ambayo hajawahi kuipiga: "Ukuta umeanguka! Jamani, Ukuta umeanguka!" Taya likafunguka kwa nguvu. Fundi akalibana kwa mikono yote miwili, jasho linamtiririka, anaita, "Inuka, jitu langu, inuka, inuka," na ufa wa ufizi ukawa unatembea chini ya kidole chake. Akaukandamiza kidole. Ufa ukasimama. Redioni mwamuzi alikuwa bado anahesabu, watu wakalipuka. Ameinuka.

Alishinda kwa pointi, jicho moja limefumba. Mtangazaji akamsogelea, yuleyule.

"Bingwa! Mkanda huo unampelekea nani? Au bado nyumbani hakuna mtu?"

Sauti ya kaka ikasikika, "Amechoka, tuondoke."

"Nyumbani kuna mtu," alisema Ukuta.

"Ehee! Haya, huyo bibie anaitwa nani?"

"Sikusema bibie. Nimesema kuna mtu."

Likaingia tangazo la sabuni, katikati ya pumzi yake. Fundi aliliweka taya mezani, akalia bila aibu, kamasi na yote.

Simu ikaita. "Umesikia?"

"Nimesikia, roho yangu."

"Kaka ameondoka na gari. Hakunitukana. Hata kunitazama hakunitazama." Sauti ilikatika kidogo. "Nakuja kwa miguu."

"Na uso huo? Watu watakuona."

"Uso nilio nao ndio huu huu."

Fundi alifunga mlango, ufunguo mfukoni, akashuka. Maduka ya simu yalikuwa yanafungwa na ngazi zimepwaya. Walikutana palepale ambapo mataya yalianguka. Ukuta alikuwa amekaa kwenye kidato, mkanda ndani ya mfuko wa plastiki, analia kwa ajili ya kaka yake, na Fundi akakaa naye, akamwacha alie. Waliopita waliwaona. Mmoja alisimama kabisa kuwatazama. Hawakuhama.

Walipopanda na kufungua mlango, meza ilikuwa tupu.

Mataya yalikuwa rafuni, katikati, pale palipokuwa na la hakimu. La Ukuta na la sungura, yametazamana, meno yamegusana.

"Umeyapanga wewe?" Ukuta alinong'ona.

"Nilikuwa chini na wewe."

Jengo lilikuwa kimya mpaka wakasikia redio ya mlinzi kule chini. Kisha Ukuta akachukua penseli kwenye kikombe cha Fundi, akamkabidhi.

"Andika jina langu."

Fundi alilishika taya la Ukuta kuligeuza. La sungura likaja nalo. Alivuta polepole, akavuta tena. Hayakuachana, kama yamemiminwa siku moja. Yalikuwa na joto. Akayalaza yote kwenye kiganja, akaandika majina mawili yakiwa yameshikana hivyo hivyo.