Vikono vya Chini ya Bamba

Walikutana duka la vyuma, saa ya watu kubanana kaunta, kila mmoja ameng'ang'ania bamba lile lile la mwisho. Mwanamume alikuwa fundi wa kuchomelea, ovaroli limetobolewa na cheche. Mwanamke alivaa gauni la njano lililopigwa pasi, na miguuni buti za kazi.

"Kaka, niachie. Hili nataka kulitoboatoboa."

"Bamba zima hili? Dhambi hiyo, dada."

"Basi njoo unitobolee wewe, tugawane dhambi."

Fundi akaenda kumtobolea, na moyo wake ukabaki huko huko.

Miezi minne ikapita kwa kazi na simu za "umekula, mpenzi?" Mwanamke alikuwa mhandisi wa mitetemo. Hospitali ilimwomba bamba la kuweka chini ya darubini ya upasuaji wa macho, maana jenereta la ghorofa ya chini lilikuwa linatikisa sakafu nzima. Mhandisi akachora, fundi akachomelea vikono vyembamba themanini upande wa chini, kila kimoja na kijiuzito nchani. Kila alipoelezwa sababu, fundi aliitikia, "Sawa, nimeelewa." Hakuwa ameelewa hata nusu. Aliona haya kumuuliza mwanamke aliyesoma vile, asije akaonekana mbumbumbu.

Asubuhi ya upasuaji wa kwanza, simu ya fundi ikaita karakanani. Mgonjwa alikuwa mama yake mzazi, aliyebakiwa na jicho moja tu.

"Fundi wangu, mama kaamkaje?"

"Nimemwacha wodini anaimba. Eti akitoka tu, anataka kuona sura yako."

"Mwambie asihofu. Mtetemo wa jenereta ukifika kwenye bamba, vile vikono vinachezacheza na kuumeza, darubini haipati kitu. Ndiyo maana nilivitaka vyembamba."

Juzi, bamba likiwa limeshapimwa na linasubiri gari, fundi aliona vikono kumi na viwili vinalegalega. Akahofia mpenzi wake asije akaumbuka mbele ya madaktari, akaviongezea chuma mpaka vikakaza kabisa. Hakumwambia mtu.

"Daktari anajiandaa, mpenzi."

Akisema, atampoteza huyu. Asiposema, kisu kitaingia kwenye jicho la mama huku darubini inatikisika.

"Niliviongezea chuma," akasema. "Vikono kumi na viwili. Zuia upasuaji, nakuomba. Zuia!"

Simu ikakatwa.

Alifika hospitali mbio, mashine ya kusagia chuma begani. Mhandisi alikuwa keshalitoa bamba na kulipindua katika chumba cha jenereta. Hakumsalimu.

"Kwa hiyo ile 'nimeelewa' ilikuwa uongo?"

"Kila siku."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utaniona mjinga."

"Na sasa unadhani nakuonaje?"

Fundi akapiga magoti, akaanza kusaga. Kwenye kikono cha tatu akajikaza: "Hiki nikipunguze hadi wapi? Sijui. Nionyeshe." Mhandisi akachuchumaa kando yake, akamwonyesha. Akauliza tena kwenye cha nne, na cha tano, mpaka vikaisha, hata vile viwili vya mwanzo.

Wakaligeuza bamba, jenereta likawashwa, mhandisi akanyunyiza mchanga juu ya bamba. Upande wa jenereta chembe zikarukaruka. Upande wa pili, pa kukaa darubini, zikalala kimya. Daktari akashuka kuzikagua, akaagiza bamba lirudishwe juu.

Mchana mama akasukumwa kwenye kitanda hadi chumba cha upasuaji, na mlango ukafungwa. Wawili hao walisimama ukutani, jenereta likinguruma chini ya miguu yao.

"Naogopa," fundi akasema.

"Hata mimi. Nioe."

"Sasa hivi? Mama yuko chini ya kisu!"

"Sasa hivi ndipo nimejua kwamba ukiogopa, utasema."

Fundi akamshika mkono, akamjibu ndiyo, na macho yake hayakutoka mlangoni.