Msumeno Uliomzidi Mama Pacha

Nyumba ya Baba Pacha ilijulikana kwa harufu kabla ya kujulikana kwa mlango. Mgeni akiuliza njia, aliambiwa afuate pua yake. Jogoo wa jirani alipokuwa ndiyo kwanza anajikuna, mikate ilikuwa imeshaiva.

Baba Pacha na mkewe walioka mikate nyumbani. Pacha wao, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, walishakuwa watu wazima na kuhamia kwao, lakini jina lilibaki kwa wazazi. Nyumbani walibaki wawili tu, na tanuri lao la matofali uani.

Kila mmoja alikuwa na kazi yake. Mama Pacha alikanda unga. Alikuwa na mikono ya kazi. Watu walisema mikate yake ni laini kama shavu la mtoto. Mumewe alikuwa mtu wa moto. Alipasua kuni kwa shoka, akawasha tanuri, akaingiza mikate kwa beleshi refu la mbao. Walipokosana asubuhi, walipatana kabla mikate haijaiva, maana kazi haikuwaachia nafasi ya kununiana.

Lakini umri nao hubisha hodi. Mgongo wa Baba Pacha ulianza kumsumbua. Na yule mtu aliyewaletea kuni zilizokatwa tayari aliacha kazi hiyo. Aliyekuja badala yake alileta magogo marefu ya miti ya matunda iliyozeeka. Mengi yalikuwa na unene wa paja la mtu. Makubwa kabisa yalikuwa na unene wa ndoo ya maji. Shoka likawa halitoshi.

Mama Pacha ndiye aliyesema wanunue msumeno wa injini. Akasema pia wamuulize kwanza jirani yao. Jirani huyo alikuwa mwanamke mwenye kazi ya kukata miti inayogusa nyaya za umeme. Mtaa mzima ulimwita Mama Vigogo. Wakati huo alikuwa safarini kikazi.

"Tumngoje arudi," Mama Pacha alisema. "Yeye anaishika hiyo misumeno kila siku."

Baba Pacha alicheka. "Nikamuulize mwanamke habari za mashine?"

"Kuuliza si ujinga, baba."

"Ninajua ninachotaka."

Kwa kweli hakujua. Alijua tu kwamba alitaka mkubwa.

Akaenda mjini peke yake. Huko alimkuta mtu aliyekuwa akipasua mbao msituni na sasa anaacha kazi. Mtu huyo alikuwa na msumeno mmoja wa kuuza. Ulikuwa mzito, na bapa lake la chuma, lile ambalo mnyororo wenye meno huzunguka pembeni yake, lilikuwa refu kama mguu wa mtu. Muuzaji alisema hakuna mti unaoweza kusimama mbele yake. Baba Pacha hakuwa na mti hata mmoja wa kuangusha, alikuwa na magogo ya kukata vipande. Hilo hakulifikiria. Aliuona msumeno, akajiona yeye mwenyewe ameushika, na roho yake ikaridhika.

Alipoufikisha nyumbani, mkewe aliuzunguka kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni. Akajaribu kuuinua. Aliuinua, lakini kwa shida, na akauweka chini upesi. Kisha akaonyesha mbele ya mshikio.

"Mbona hapa kuna kitu kimevunjika?"

"Hiyo ni plastiki tu. Haikati kuni."

Mama Pacha alirudi jikoni.

Siku za mwanzo zilikuwa za fahari. Msumeno uliponguruma, majirani walichungulia juu ya ukuta. Baba Pacha alikata gogo baada ya gogo. Lakini jioni mikono yake ilitetemeka hata chai ikamwagika kwenye sahani. Mkewe aliona. Baba Pacha alisema ni baridi. Siku haikuwa ya baridi.

Wiki haikwisha, mgongo ukakataa kabisa. Asubuhi moja aliinama kuvaa viatu, akashindwa kunyooka. Mama Pacha alimsaidia kulala kitandani. Alimkanda kwa maji ya moto, akamwambia apumzike. Kisha akasimama mlangoni akitazama uani. Kuni zilikuwa zimekwisha. Shule ya jirani ilikuwa inangoja mikate ya watoto kesho yake.

"Nitakata machache tu," alisema. "Ya kutufikisha kesho."

Hapo ndipo Baba Pacha alipopaswa kusema hapana. Aliujua uzito wa ule msumeno. Aliwahi kuusikia ukiruka mkononi mwake, akaudhibiti kwa bahati tu na hakumwambia mtu. Angeweza kusema waazime kuni kwa jirani. Angeweza kusema shule ingoje. Lakini alikuwa na maumivu, na moyoni aliona nafuu kwamba kuna mtu wa kuifanya kazi ile. Akanyamaza.

Alisikia injini ikiwaka. Alisikia ikiingia kwenye gogo la kwanza, kisha la pili. Halafu sauti ikabadilika ghafla, kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno. Baadaye injini ikabaki inanguruma peke yake, polepole, haikati kitu.

Akamwita mkewe. Hakuitikiwa.

Hakukumbuka tena mgongo. Alitoka akishikilia kuta. Mama Pacha alikuwa amekaa chini, ameegemea magogo, mkono wa kulia umeubana wa kushoto karibu na bega. Uso wake ulikuwa umepauka kama unga. Hakulia. Alimtazama mumewe akasema, kwa sauti ndogo, "Umenirukia." Alikuwa anausema msumeno. Lakini Baba Pacha alilisikia neno lile kama amesemwa yeye.

Aliizima injini. Akavua shati, akalikunja, akalikandamiza juu ya jeraha kwa nguvu zake zote, bila kuachia, kama alivyowahi kumsikia muuguzi akifundisha. Akapiga kelele kuita watu. Jirani mwenye gari la mizigo akawapeleka hospitali.

Madaktari walimshona. Walisema ameponea tundu la sindano, maana mnyororo ungepita karibu zaidi na shingo, wangesema mengine. Lakini msuli ulikuwa umekatika. Mkono ungefanya kazi, walisema, ila si kama zamani. Haungeinuka juu ya bega. Na nguvu ya kukanda unga siku nzima, hiyo wasiitegemee.

Mama Vigogo aliporudi safarini, alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alikaa naye muda mrefu. Walizungumza habari za watoto, wakacheka kidogo. Kisha akatoka uani na kumwomba Baba Pacha amwonyeshe msumeno.

Ulikuwa umefunikwa kwa gunia. Baba Pacha alikuwa hataki hata kuuona. Mama Vigogo aliufunua, akaugeuza, akagusa pale palipovunjika.

"Shemeji, hapa palikuwa na nini?"

"Niliona ni plastiki tu."

"Hapa ndipo ilipokuwa breki ya mnyororo," alisema. Hakupandisha sauti. "Msumeno ukirushwa nyuma, mkono wako unakisukuma hiki kikinga mbele, na mnyororo unasimama papo hapo, kabla haujakufikia. Bila hiki, hauna cha kuusimamisha."

Akachukua kijiti, akamwonyesha jinsi ilivyotokea. Bapa lilikuwa refu kuliko unene wa magogo yao. Kwa hiyo ncha yake ilitokeza upande wa pili, mahali ambapo mkataji haoni. Huko nyuma kulikuwa na gogo jingine. Sehemu ya juu ya ncha ilipoligusa, meno ya mnyororo yalinasa, na nguvu yote ya injini ikaurudisha msumeno juu na nyuma, kuelekea kwa aliyeushika. Wakataji huliita jambo hilo kupigwa teke. Teke hilo huja upesi kuliko kufumba jicho. Mtu mwenye nguvu hushindwa nalo, sembuse mtu aliyeshika mzigo uliomzidi.

Baba Pacha aliketi juu ya gogo. Alikuwa ameshika kichwa.

"Basi nitanunua ule mdogo kuliko yote," alisema. "Ule wa kukatia matawi."

"Huo nao utakuponza. Ukiupa gogo nene utachoka kabla yake. Utaanza kuusukuma, na anayesukuma msumeno anakaribisha balaa. Wewe unataka wa kati." Akapima kwa mikono miwili unene wa gogo kubwa kuliko yote pale uani. "Bapa lizidi gogo lako kwa vidole vitatu hivi, basi. Kwa kuni hizi, inchi kumi na sita zinakutosha. Halafu uzito. Unaushika ukiwa na mafuta kamili, mbele ya kiuno, huku unaongea na muuzaji. Mikono ikianza kutetemeka kabla hamjamaliza maongezi, huo si wako."

Baba Pacha aliitikia kwa kichwa.

"Na jambo moja zaidi," Mama Vigogo alisema. "Nyumba yenye watu wawili, msumeno hupimwa kwa mwenye nguvu kidogo. Maana siku mwenye nguvu akiugua, yule mwingine ndiye atakayeushika."

Hakusema kwa ubaya. Lakini Baba Pacha aligeuka akatazama dirisha la chumba alimolala mkewe.

Siku chache baadaye, mgongo ulipotulia, walikwenda dukani pamoja, yeye na Mama Vigogo. Mama Pacha alialikwa, akasema hapana, nendeni nyinyi. Muuzaji alianza kusifu misumeno mikubwa. Safari hii Baba Pacha alimkatiza kwa upole na kumwambia unene wa magogo yake. Alishika mmoja, akaurudisha. Akashika mwingine, akazungumza na muuzaji mpaka mikono ikachoka, akaurudisha nao. Wa tatu ulitulia mkononi. Akajaribu breki yake mara kadhaa, kwenda mbele na kurudi. Akauliza kama minyororo ya akiba inapatikana pale mjini, na kama kuna fundi anayeujua msumeno wa aina hiyo. Akanunua pia kofia ngumu yenye wavu wa uso na viziba masikio, glavu, na suruali nzito iliyotengenezwa kuzuia mnyororo usifike mguuni. Zamani angeona aibu kuvaa suruali ile. Sasa aliikunja vizuri, akaibeba kwapani kama nguo ya sikukuu.

Ule mkubwa alifikiria kuuuza. Mama Vigogo alimwambia kuuza kitu kibovu bila kusema ni kumuuzia mtu jeraha lako. Akaupeleka kwa fundi, akamweleza yote, na fundi akaufungua kwa ajili ya vipuri.

Mama Vigogo alimfundisha kwa subira. Alimwambia atengeneze farasi wa mbao wa kulalia gogo, ili likae kimo cha kiuno na pasiwe na gogo jingine nyuma yake. Miguu ipanuke, mikono yote miwili ishike, kichwa kisiwe mstari mmoja na mnyororo. Ncha isiguse kitu. Msumeno usiinuliwe kupita bega. Mnyororo uwe mkali na wenye mafuta, maana butu hulazimisha mtu kusukuma. Mtu akichoka, aache. Na asikate akiwa peke yake nyumbani, wala akiwa anaumwa.

Kuni zikaanza kupatikana tena. Baba Pacha alikata kidogo kidogo, akazipanga ukutani zikauke vizuri. Kuni kavu ziliwaka bila moshi mwingi. Mgongo haukulalamika tena kama zamani. Shule ikarudi kuchukua mikate. Sasa ni Baba Pacha aliyekanda unga, huku mkewe ameketi karibu akimwelekeza. Mikate ilikuwa mizuri. Haikuwa ya Mama Pacha, na wateja walilijua hilo, lakini kwa adabu hawakusema.

Jambo moja halikubadilika. Kila mumewe alipovaa ile suruali nzito, Mama Pacha alijifunga kanga, akaenda kwa jirani upande wa pili wa barabara. Alirudi injini ikishazimwa. Na siku hizo Baba Pacha alimwomba mdogo wake aje kukaa naye uani, asiwe peke yake.

Mchana mmoja alikuwa amemaliza kukata. Alizima, akafunga breki, akauweka msumeno juu ya farasi upoe. Mdogo wake alikuwa ameingia ndani kunywa maji. Baba Pacha aligeuka, akamkuta mkewe amesimama nyuma yake. Alikuwa amerudi mapema.

Mama Pacha alisogea, akautazama msumeno. Akaupima kwa macho, kwanza bapa, kisha mshikio, kisha kile kikinga cha mbele. Akaweka mkono wa kulia kwenye mshikio wa nyuma. Ule wa kushoto ulisita, ukafika taratibu kwenye mshikio wa mbele, maana mahali pale palikuwa chini ya bega. Akauinua.

Ulikaa mkononi mwake bila kutikisika. Aliushika hivyo kitambo.

"Huu ningeuweza," alisema.

Akaurudisha mahali pake kwa uangalifu, akaingia jikoni. Baba Pacha alibaki uani na kofia yake mkononi. Aliokota kipande cha kuni, akakipeleka ukutani, akakipanga. Kisha akaokota kingine.