Gari la Nashon Halioshwi Nyuma

Jioni ile nilitoka kununua glukosi tu. Duka liko karibu na kwangu, pale Ikola, na jua lilikuwa linaingia ziwani. Nilimwacha binti yangu Lidia amelala mkekani, homa imepungua, nikamwambia narudi sasa hivi. Niliporudi nilimkuta amekaa, anaangalia ukuta, anapumua harakaharaka. Nikamgeuza viganja. Vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo.

Mimi si mwoga. Nauza dagaa, nimegombana na wanaume wa mitumbwi tangu sijaolewa, na wananijua. Lakini viganja vile viliniogopesha. Nilimbeba nikakimbia zahanati. Nesi akamfunua macho, akamtazama midomo.

"Mama Lidia, huyu anahitaji damu. Leo hii hii. Hapa hatuna."

Gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka na mjamzito. Pikipiki haikufaa, mtoto hata shingo yake mwenyewe ilikuwa inamshinda.

"Mtafute Nashon," nesi alisema. "Nitapiga simu kituo cha afya cha njiani, nione kama wana damu. Wakikosa, mnakwenda Mpanda moja kwa moja."

Gari la Nashon kila mtu pwani ya ziwa analijua. Kigari cha bluu, kifupi, nyuma kama kimekatwa kwa panga. Injini yake lita moja tu, silinda tatu, lakini ina tabo, kile kifaa kinachoipulizia injini hewa ikapata nguvu kuliko umbo lake. Nashon alikuwa haishi kuisifia. Na kweli, kilima cha kutoka ziwani kinachowashinda wenye malori, yeye alikuwa anakipanda na abiria wanne na viroba vya dagaa huku anapiga stori. Petroli alinunua kwa chupa, kama mtu anayenunua mafuta ya kupikia. Madereva wenzake walimcheka, wakamsema, mwisho wakanyamaza. Walichoendelea kumtania ni kimoja tu: mbele na ubavuni aliosha gari mpaka linang'aa, lakini nyuma aliliacha na vumbi lake.

Halafu mluzi. Likipanda mlima, gari lile lilipiga mluzi ambao watoto wa Ikola waliuiga. Fiiii... fi-fi. Ndiyo tabo hiyo, Nashon alikuwa anawaambia.

Mimi sikuwahi kulipanda. Mume wangu alipokuwa hai tulisafiri na mizigo yetu juu ya lori, na tangu nimzike sikuwa nimesafiri popote.

Nashon hakusita. Alitufungulia kiti cha nyuma, akanisaidia kumlaza mtoto mapajani kwangu. Kabla ya kuwasha gari aligeuka.

"Shemeji, humu ndani hatuitani majina. Mimi niite dereva. Wewe ni mama, huyo ni mtoto. Tumeelewana?"

"Endesha gari, wewe!" nilimfokea.

Giza lilitukuta tumeshaingia msituni. Nilikuwa nasali Salamu Maria, nikifika katikati nasahau, naanza upya. Nilimwekea Lidia shavu langu puani nijue kama bado anapumua. Alikuwa anapumua, lakini kidogo.

Kilima kikaanza.

Fiiii... fi-fi.

Nikainua kichwa.

Pale kwetu ziwani, mtumbwi mkubwa ukipandishwa mchangani, wanaume hupanga mstari na mmoja wao huwaongoza kwa mluzi ili wasukume kwa pamoja. Mluzi mrefu, vuta pumzi. Mifupi miwili, sukuma. Kwenye mwalo wetu kiongozi alikuwa mume wangu. Jino lake la mbele lilikuwa limevunjika, kwa hiyo mluzi wake mrefu ulimalizikia na upepo pembeni, na upepo ule ningeutambua hata katikati ya soko. Watoto wa Ikola walipouiga hawakuutoa, ndiyo maana sikuwahi kushtuka. Sasa nilikuwa nausikia.

Fiiii... fi-fi. Na kila ilipofika ile mifupi miwili, gari lilirushwa mbele. Si kwa injini. Lilikuwa linasukumwa.

Alizama mwaka jana, kiangazi, tukamzika. Nilimtupia udongo kwa mkono wangu huu. Ziwa lilimtoa upesi mno, hajavimba, uso mzuri, na wanawake wakaanza kunong'ona msibani kwamba huyo hajafa, kachukuliwa msukule. Walisema tulichozika ni mgomba tu, wachawi wameupa sura yake, na yeye mwenyewe yuko mahali anafanyishwa kazi. Niliwafukuza wale wanawake kwa mwiko. Nilisema wana roho mbaya, na bado nasema wana roho mbaya.

"Baba anapiga mluzi," Lidia alisema.

Hakuwa ameongea tangu jioni.

"Nyamaza, mama," nilimnong'oneza. Nikainua macho, nikakutana na ya Nashon kwenye kioo. Akayakwepesha.

Homa ilikuwa imempanda kichwani. Akaanza kwa ile sauti ya darasani, ya mtoto aliyesimamishwa ajitambulishe mbele ya wenzake. "Mimi naitwa Lidia Gervais. Nasoma darasa la..."

Mluzi ukakatika.

Gari likaishiwa nguvu papo hapo. Injini ilinguruma bure, magurudumu yakazunguka, tukaanza kurudi nyuma. Nashon alikanyaga breki, gari likaendelea kuserereka kwenye changarawe, na kushoto kwetu kulikuwa na korongo. Nyuma nikasikia miguu. Miguu mingi... peku... inakwaruza kokoto. Harufu ya jasho ikaingia, na tope la ziwani, na udongo mbichi.

"Mzibe mdomo!" Nashon alinong'ona. "Mama, mzibe mtoto mdomo, tutakufa wote humu!"

Nikamziba.

Mtoto wangu mwenyewe, aliyekuwa anaipata pumzi kwa taabu, nilimziba mdomo asilitaje jina la baba yake. Midomo yake ilikuwa inachezacheza kwenye kiganja changu, bado inajitambulisha. Nililia bila sauti. Nilihesabu kwamba nikiendelea nitamuua, na nikiacha tutakufa.

Fiiii... fi-fi.

Gari likasimama. Kisha likaanza kupanda, taratibu, mpaka juu. Nikaachia mkono, Lidia akavuta hewa.

"Ni kina nani hao?" nilimuuliza Nashon.

"Sijui."

"Dereva!"

"Sijui, mama, naapa. Nililinunua hivi hivi. Aliyeniuzia aliniambia mambo mawili, nisiite mtu jina ndani na nisilioshe nyuma. Mimi nilijua ni tabo tu. Siku moja nikampelekea fundi, akaifungua, akaniambia tabo ya gari hili ilishakufa zamani. Haizunguki." Alikuwa analia. "Ningefanya nini? Nina watoto."

Kama alijua nani yuko nyuma, sijui mpaka leo. Ila aliniita shemeji.

Nikaapa moyoni. Tufike penye damu, baba Lidia, nitakuita kwa jina, upumzike. Sikuwa nimewahi kulitamka jina lake. Kwetu mke hamwiti mumewe jina; kabla hatujazaa nilimwita "wewe", tulipozaa nikamwita baba Lidia, na hata kaburini nililia hivyo hivyo.

Kituo cha afya kilikuwa kijijini, katikati ya njia. Nesi wa pale alikuwa anatusubiri mlangoni. Alimchukua Lidia mikononi mwangu akakimbia naye ndani. Nikaambiwa nisubiri nje wampime. Nashon hakuzima injini. Nami nikazunguka nyuma ya gari.

Taa nyekundu zilimulika vumbi. Mlango wote wa nyuma ulikuwa umejaa alama za viganja, vingine juu ya vingine, vya watu wazima, na vingine vidogo ambavyo sikutaka kuvitazama. Niliweka mkono wangu katikati yake. Bati lilikuwa na joto la mtu.

"Gervais," nilisema.

Injini ikazima yenyewe. Nashon aliinamia usukani. Hata wadudu wa msituni wakanyamaza.

Kisha, karibu kabisa na sikio langu, ikaja sauti ya mtu aliyechoka mno.

"Tumefika?"

Alikuwa yeye. Hakuuliza mimi ni nani. Hakumuuliza mtoto. Alitaka kujua hilo moja tu, na mwili wangu wote ulitaka kumwambia ndiyo, pumzika, baba. Nilifungua mdomo. Mungu anajua nilifungua mdomo.

Mlango wa kituo ukagonga ukutani. Nesi alikuwa anakuja mbio, Lidia mikononi, kichwa kinaning'inia.

"Mama, damu ya kundi lake hatuna hata chupa! Nyie nendeni Mpanda, nendeni sasa hivi, huyu anatuacha!"

Nashon akageuza ufunguo. Kimya. Akageuza tena. Kimya.

Nilimtazama mwanangu. Nilitazama vumbi.

"Bado," nikasema. "Bado, baba Lidia. Sukuma."

Nilimsikia akivuta pumzi. Ndefu, ya mtu anayeinama tena.

Fiiii... fi-fi.

Tulitoka kijijini. Nashon, bila kugeuka, akasema, "Mimi sijawahi kuwaambia kitu. Hata siku moja. Walikuwa wanakwenda wenyewe. Wewe umewatuma."

Gari lilikuwa linakwenda kuliko gari lolote nililowahi kupanda, mshale wa mafuta umelala chini kabisa, na bati la nyuma linapigwa, bum, bum, bum. Mluzi ulikuwa umeharakishwa mpaka hauna tena pa kuvutia pumzi. Mimi ndiye niliyesema sukuma. Kila mlio wa bati niliusikia mgongoni, na kila niliposikia nilimkumbatia Lidia zaidi na kuomba usikome.

Haukukoma mpaka taa za Mpanda.

Walimpokea Lidia mlangoni, wakamtundikia damu. Nilikaa nimeshika mguu wake. Mara mbili nilinyanyuka nitoke nje nikamwambie tumefika, na mara mbili alinishika kidole hajafumbua macho. Ningetokaje? Mwambieni mama yeyote atoke. Nilipopata nafasi kulikuwa kumeshakucha, na mahali pa gari palikuwa patupu.

Lidia amepona. Tunaishi Makanyagio, hapa hapa Mpanda, kwa wifi yangu Specioza, anaruka kamba na wenzake uani hapa ninapokaa. Anayetaka kunihukumu aje, nitamwonyesha mtoto. Nashon hajarudi Ikola, nyumba yake imefungwa. Wengine wanasema ameliuza gari Sumbawanga, wengine Tabora. Kila kigari kifupi kikipita barabarani nakimbia kukitazama nyuma, na majirani wameshaanza kumuuliza Specioza kama naendelea vizuri. Mume wangu simdai tena, najua hatarudi kula mezani kwangu. Ila neno la mwisho alilolisikia kwangu ni "sukuma", na popote lilipo gari lile, anasukuma, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba tulifika.